Mwali Anafundwa, Mzazi Je?

Korosho zikishauzwa mnadani na fedha zikaingia mikononi, vijiji vya pwani ya Mtwara huanza kuhesabu siku za kufikia likizo ya Desemba. Madimba ni kimojawapo. Hapo umesimama mtambo wa kusafisha gesi uliozinduliwa Oktoba 2015, unaopokea gesi ya Mnazi Bay na kuisukuma hadi Dar es Salaam. Lakini majumbani watu wanakalia vikao vya jambo lenye umri mkubwa kuliko bomba lolote: watoto gani watakwenda jando, wasichana gani watachezwa unyago, nani atakuwa nyakanga, yaani mkuu wa ufundaji, na kila mzazi atachangia kiasi gani.

Katika miaka hii ya gesi limeingia jambo jingine nchini, nalo linaitwa mafunzo ya malezi. Huja na mwezeshaji, bango kitita na daftari la mahudhurio. Wazazi huketi kwenye kivuli cha mwembe au darasani baada ya wanafunzi kutoka, wakazungumza namna ya kumsifu mtoto, kumkanya bila fimbo, kuweka akiba na kumlinda dhidi ya wabaya. Serikali imeyapa nafasi katika mipango yake mikubwa. Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22 uliyataja malezi na uimarishaji wa familia kuwa moja ya maeneo yake. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane.

Mapokeo haya mawili yanaishi kijiji kimoja kama wapangaji wasiosalimiana. Wataalamu wa mafunzo huuona unyago kuwa tatizo la kutatuliwa. Manyakanga nao huyaona mafunzo kuwa maneno ya wageni wanaokuja wakaondoka. Nataka kuyaweka pamoja kwenye mizani moja, niongeze na mapokeo mengine mawili yaliyo karibu nasi, kisha niulize swali ambalo mzazi wa Madimba ana haki ya kuuliza kabla hajatoa siku yake ya shamba au ya pwani: je, msaada huu kwa wazazi unafaa kitu?

Shule ya nyikani

Tuanze na ya kwetu. Wamakonde, pamoja na majirani zao Wayao na Wamakua, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Uislamu wa pwani umeleta sheria zake za mirathi na ndoa, lakini mjomba bado ni mtu mzito katika maisha ya mtoto. Mtoto wa kiume huingia likumbi, yaani kambi ya jando, pamoja na wenzake wa rika, hutahiriwa, hukaa chini ya walezi, hufundishwa nyimbo, mafumbo, heshima na uvumilivu. Msichana huwekwa ndani, hupewa somo wake, hufundwa usafi wa mwili, hedhi, unyumba, na jinsi ya kukaa na wakubwa. Siku ya kutoka, ngoma hulia, vinyago vya midimu hucheza, na kijiji kizima hushuhudia kwamba aliyeingia mtoto ametoka mtu mwingine.

Mjerumani Karl Weule alizunguka nyanda hizi za kusini mwaka 1906, akaziandika sherehe za jando na unyago alizoziona. Zaidi ya karne moja imepita, pamekuja ukoloni, vijiji vya Ujamaa, shule za msingi kwa wote na sasa gesi, na bado ngoma inalia. Mradi gani wa maendeleo unaweza kujivunia umri wa namna hiyo? Unyago unadumu kwa sababu unagharamiwa na wenyewe, unaendeshwa na watu ambao mwali ataendelea kukutana nao kisimani na msibani, na hakuna anayeachwa nje. Anayefundwa leo ndiye atakayefunda kesho.

Lakini mizani haina upendeleo. Kwanza, siku hizi wasichana wengi hupelekwa wakiwa wadogo mno, wengine kabla ya kuvunja ungo, kwa sababu wazazi wanataka kumaliza gharama kwa pamoja au fedha zimepatikana mwaka huo. Mafundisho yaliyotungwa kwa ajili ya mwali anayekaribia kuolewa yanamwangukia mtoto wa darasa la tatu. Pili, kutoka ndani kunasomwa kuwa ni ruhusa. Mtoto akiambiwa amekua, naye huanza kuishi kama aliyekua, na wanaume wa mtaani humwangalia hivyohivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kuwa ruhusa hiyo ni ubaguzi, na Mahakama ya Rufani ikalithibitisha hilo Oktoba 2019. Ngoma ya kijijini haiwezi kuendelea kumhesabu mtu mzima yule ambaye nchi inamhesabu mtoto.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Unyago humfunda mwali, lakini mzazi wake haumfundi. Mama wa mwali hupika, huchanga, hutunza na hulia kwa furaha. Hakuna anayemketisha kando na kumuuliza: wewe utamlea vipi huyu anayerudi kwako kesho?

Mama anaposema mwenyewe

Wengi huamini kwamba kwa Mswahili mzazi hasemi na mwanawe mambo ya maisha. Hiyo ni kazi ya kungwi, somo, bibi au mjomba. Kwa sehemu kubwa ni kweli, na kuna hekima ndani yake. Kati ya mzazi na mtoto kuna haya, kati ya bibi na mjukuu kuna utani, na utani hufungua milango ambayo haya huifunga.

Hata hivyo pwani yetu ina mapokeo mengine yaliyosahauliwa katika mjadala huu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia. Ni mama anayemwita binti aketi karibu, na anayesema mwenyewe bila kumtuma mtu. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert aliwatungia wanawe: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa kijana wa kiume. Baba aliyefiwa na mke alichukua kalamu na kusema na binti yake juu ya utu, kazi na mwenendo.

Mapokeo haya yanatofautiana na ya nyikani kwa mambo mawili. Msemaji ni mzazi, na neno linabaki: linaandikwa, linakaririwa, linarudiwa mtoto akiwa mkubwa. Mipaka yake nayo ni wazi. Wasia wa Mwana Kupona umeelekezwa zaidi kwenye ibada, adabu na utii wa mke kwa mume, na leo kuna mengi ambayo binti anahitaji kuyasikia na hayamo humo. Tena wasia husema bila kuuliza: mtoto yupo kama msikilizaji tu. Lakini unabomoa dai moja kubwa. Mtu asituambie kwamba mzazi kuketi na mwanawe na kusema naye kwa upole ni desturi ya Wazungu. Pwani yetu, mwaka 1858, ilikuwa inafanya.

Masasi ilijaribu kuunganisha

Mfano wa tatu uko karibu zaidi, Masasi. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waligundua kwamba wakilikataza jando watawapoteza vijana na wazazi wao pamoja. William Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, akashirikiana na mapadri Waafrika kulianzisha jando la Kikristo: kambi ilibaki, rika likabaki, walezi wakabaki, yakaondolewa mambo yaliyopingana na imani, zikawekwa sala na mafundisho mapya.

Upande wa wavulana jaribio lile lilishika mizizi. Upande wa wasichana lilikwenda kwa shida zaidi, na sababu yake inatufundisha. Yale ambayo wageni walitaka yaondolewe ndiyo ambayo kina mama wazee waliyaona kuwa kiini cha kumfunda mwali. Ukimwondolea nyakanga kiini ukamwachia ganda, atatabasamu mbele yako, kisha atalifanya la kwake usipokuwepo. Kwa hiyo Masasi inatuachia kanuni: mapokeo hubadilika pale wenye nayo wanapokuwa ndani ya kikao kinachoamua libaki nini na liondoke nini. Kanuni hiyo inawahusu mapadri wa wakati ule na inawahusu wawezeshaji wa leo.

Vikao 14

Sasa tuyaweke mezani mafunzo ya kisasa, tena kwa haki, kwa sababu haya yana jambo ambalo mapokeo mengine hayana: yamekubali kupimwa.

Haja yake si ya kubuni. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke, viboko au kutishwa kwa silaha kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Watoto hao wamelelewa na sisi, wenye unyago, wenye madrasa, wenye makanisa na wenye methali.

Mojawapo ya programu zilizopimwa kwa makini kwa wazazi wa vijana Afrika ni Sinovuyo, iliyojaribiwa katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Familia 552 kutoka jumuiya 40 zilishiriki. Jumuiya nyingine zilipata mafunzo na nyingine hazikuyapata, zikagawanywa kwa kura ili ulinganifu uwe wa haki. Mzazi na kijana walihudhuria vikao 14 vya kila wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalieleza kwamba kati ya miezi mitano na tisa baada ya mafunzo, walezi waliofunzwa waliripoti ukatili pungufu kwa karibu asilimia 45 wakilinganishwa na wasiofunzwa. Msongo wa mawazo ulipungua kwa walezi, ulevi ulipungua, na familia zilikuwa na mpango bora wa fedha.

Hapo wengi hufunga kitabu na kushangilia. Ukurasa unaofuata ndio muhimu. Vijana walipoulizwa wao wenyewe kuhusu kupigwa na kutukanwa, majibu yao hayakuonyesha tofauti ya wazi kati ya waliofunzwa na wasiofunzwa. Walikubali kwamba mzazi amekuwa karibu nao zaidi. Kuhusu fimbo hawakusema kama wazazi wao. Huenda mzazi alikuwa amejifunza jibu linalotakiwa. Huenda kijana alikuwa anakumbuka ya zamani. Kwa vyovyote, mzani wa malezi usiomsikiliza mtoto una sahani moja tu.

Programu hiyo ilitafsiriwa na kurekebishwa kwa ajili ya Tanzania kwa jina la Furaha Teens, ikafikishwa kwa familia katika wilaya kadhaa kupitia mradi wa Kizazi Kipya uliofadhiliwa na Marekani. Huko Shinyanga nako kulifanyika jaribio lenye akili nzuri: familia 248 za wakulima katika vijiji vinane, baadhi zikipewa somo la malezi, baadhi somo la kilimo biashara, baadhi yote mawili, na nyingine zikisubiri. Wazazi waliopata somo la malezi ndio walioripoti kupunguza ukatili. Somo la kilimo peke yake halikutosha. Kwa Madimba neno hilo ni zito. Tumeahidiwa mara nyingi kwamba gesi ikileta fedha, nyumba zitatulia. Fedha hununua sare na daftari, lakini hazimfundishi baba namna ya kumkaripia mtoto bila kumvunja.

Magharibi mwa Kenya, jaribio la Msingi Bora lilihusisha vijiji 60 na kaya 1,152 zenye watoto wadogo. Wazazi wengine walikutana katika vikundi kila wiki mbili, wakiongozwa na wahudumu wa afya wa jamii wa hukohuko. Wengine walikutana katika vikundi na pia kutembelewa nyumbani. Kikundi peke yake hakikushindwa na mchanganyiko ule wa gharama zaidi. Watoto wa wazazi wa vikundi waliendelea vizuri kiakili. Mwanamke wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini. Jambo linalosemwa mbele ya wenzako huwa ahadi, na ahadi iliyo na mashahidi ni ngumu kuivunja.

Na kwa mfano wa mbali, Jamaica. Katikati ya miaka ya 1980 mjini Kingston, watoto 129 waliodumaa waliingizwa katika utafiti. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa jamii aliyewaonyesha mama zao namna ya kucheza na kuzungumza nao. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Zingatia muda huo wa miaka miwili, kisha ulinganishe na vikao 14 ambavyo, mradi ukiisha, mwezeshaji hupanda gari akaondoka na bango lake.

Kwenye mizani

Yakilinganishwa mapokeo haya, maswali matatu yanayatenganisha.

La kwanza ni nani anasema. Nyikani anasema nyakanga. Katika utendi anasema mzazi. Katika mafunzo ya kisasa mwezeshaji anamfundisha mzazi aende akaseme na mwanawe. Hapo ndipo mafunzo mengi yanapokwama pwani, kwa sababu yanamtaka mama avuke ukuta wa haya peke yake, usiku, baada ya kazi za siku nzima. Hakuna sababu ya kumpeleka peke yake. Bibi yupo, somo yupo, mjomba yupo. Mafunzo yanayomwita "mzazi" yakimaanisha baba na mama tu yameacha nje nusu ya walezi wa mtoto wa Kimakonde. Mkono mmoja haulei mwana, na kitabu cha mafunzo kilichoandikwa kwa mkono mmoja hakimfai.

La pili ni muda gani. Unyago ni mkali lakini mfupi. Nguvu yake inatokana na kwamba waliomfunda mwali wanabaki naye maisha yote. Utendi ni mfupi lakini unarudiwa. Mafunzo ya mradi yana mwanzo, mwisho na ripoti. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, kazi nyingi za namna hii Afrika zilitikiswa ndani ya siku chache. Msaada wa malezi unaotegemea bajeti ya taifa jingine ni sawa na mtumbwi uliofungwa kwenye gati la mtu.

La tatu ni nani anapima. Hapa mafunzo ya kisasa yanatushinda wote. Hakuna nyakanga aliyewahi kurudi baada ya mwaka kuuliza wangapi kati ya wali wake wameacha shule, wangapi wamepata mimba, wangapi wanalala na hofu. Wageni wamekuja na daftari, wakauliza, na hata pale jibu lilipowaumiza wakalichapisha. Hiyo ni adabu ya kazi, na tunapaswa kuichukua.

Hukumu

Kwa hiyo, je, mafunzo ya malezi yanafaa? Yanafaa. Ushahidi wa majaribio mengi duniani ulitosha kwa Shirika la Afya Duniani kutoa mwongozo wa kuyapendekeza kwa wazazi wa watoto wa umri wote hadi miaka 17. Yanapunguza ukali wa mzazi, yanampunguzia mzigo moyoni, yanamfundisha mtoto mdogo kupitia mchezo. Lakini yanafaa kwa kiasi, na kiasi hicho kinategemea mahali yanapopandwa.

Mahali pa kuyapanda Madimba tayari papo. Ni kile kikao cha wazazi kinachokaa wiki kadhaa kabla ya ngoma, kuhesabu michango na kugawana kazi. Wote wapo pale: mama, baba, mjomba, bibi, somo, nyakanga. Kikao kile kiongezewe kazi moja. Kabla mwali hajaingia ndani, wazazi nao wafundwe: umri gani mtoto apelekwe, aambiwe nini na nani, atakaporudi nyumbani aadhibiwe vipi, na shule ikifunguliwa Januari arudi siku ya kwanza. Aongoze nyakanga akisaidiwa na mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii na mwalimu wa kijiji. Baada ya ngoma, wazazi hao waendelee kukutana mara moja kwa mwezi katika vikundi ambavyo tayari wanavyo, vya vikoba na vya kaya za TASAF. Na mwisho wa mwaka mtu anayeaminiwa na watoto awaulize wao, faraghani, kama fimbo imepungua nyumbani. Jibu lao ndilo liwe cheti.

Kwa manyakanga wetu, ninyi mabibi na mashangazi mliobeba elimu hii kwa karne nyingi, naomba kwa heshima: msimpokee mtoto ambaye mwili wake haujawa tayari, hata mzazi akija na mchango kamili. Kwa maofisa ustawi wa jamii na mashirika: msifungue bango kitita katika kijiji cha pwani kabla hamjakaa mkekani na nyakanga. Na kwa mzazi mwenzangu: sare, khanga na kuku wa sherehe tunavihesabu vizuri kila mwaka. Mtoto atakula kuku siku moja tu. Mkono wetu na ulimi wetu atakaa navyo siku zote zilizobaki.